Mkono wa Muthamia Ulipotulia

Huku kwetu juu ya Runyenjes, ndugu wakikosana kwa sababu ya mpaka wa shamba, chifu ataitwa na maneno yatapoa. Wakikosana kwa sababu ya nyama ya mbuzi wa mahari, wajukuu watasimuliwa. Kila kipande kina mwenyewe. Kidari si cha kila mdomo, shingo ina wenyewe, kichwa kina wenyewe, na ole wako umpe mbavu mzee aliyekuwa akingojea bega. Ndiyo maana kila kijiji kina mtu wake wa kukata nyama siku hiyo, na wetu alikuwa Muthamia.

Nasema alikuwa, na bado yu hai. Mimi ni jirani yake. Kati ya kahawa yangu na yake kuna ua wa kayaba tu, na mbuzi wangu wameshautoboa, kwa hiyo mengi ya kwake nimeyaona bila kuambiwa na mtu. Mengine alinieleza mwenyewe, siku ambazo hakuwa na mwingine wa kumweleza, nazo zilikuwa nyingi.

Alikuwa na buchari pale Runyenjes karibu na steji. Kuchinja kulikuwa kwa Kasim, Mwislamu wa mjini, ili kila mteja ale bila wasiwasi; kukata kulikuwa kwa Muthamia. Hakuwa mtu wa shoka. Wakataji wengine huupiga mfupa mpaka vipande vyake vinakukwama kwenye meno. Yeye alikitafuta kiungo kwa dole gumba, akakipapasa polepole kama mama anayetafuta mahali mtoto anapoumia, kisha kisu kikapita na mguu ukaachana na mwili bila kelele. "Mfupa hauvunjwi," alipenda kusema, "unaombwa njia." Aliyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata Kasim akawa anayamalizia kwa kumwigiza sauti.

Mke wake alifariki mapema na hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki wa karibu ni dadake mdogo, Ciakuthii, aliyeolewa chini kule Siakago kwenye jua na ndengu. Ndugu wengine wapo, na nitawataja mara moja tu, kwa kuwa ndivyo wanavyostahili.

Figo zake zilipoanza kufa hakuna aliyejua. Alivimba miguu, tukasema ni kusimama sana kwenye buchari. Akakosa hamu ya chakula, tukasema ni kukaa bila mke. Sisi ni hodari wa kusema. Alipofikishwa hospitali Embu ikawa ni mashine ya kusafisha damu kila wiki, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na madaktari wakasema itafutwe figo ya mtu wa damu yake. Hapo ndipo ndugu walipopatwa na magonjwa. Mmoja akakumbuka kwamba ana presha, mwingine akaota ndoto mbaya, wa tatu akasema mkewe amekataa, na mke mwenyewe hakuwa ameulizwa. Ciakuthii alipanda kutoka Siakago na kikapu cha mapapai, akakiweka mezani kwa kakake, akauliza, "Mahali pa kupimwa ni wapi?"

Wakapimwa, damu zao zikapatana. Upasuaji ulifanyika Nairobi na wote wawili wakarudi nyumbani wakiwa wazima, jambo ambalo kanisa letu lililiimbia Jumapili nzima. Nyimbo zilipokwisha, mikono ya Muthamia ilikuwa inatetemeka.

Mwanzoni tulidhani ni udhaifu wa hospitali. Lakini nguvu zilirudi, uso ukajaa, na mikono haikuacha. Daktari aliwaeleza yeye na dadake wakiwa wameketi bega kwa bega. Dawa zinazouzuia mwili usiifukuze figo ngeni ndizo zinazochokoza mishipa ya fahamu. Zikizidi, usingizi unatoroka, kichwa kinaingia ukungu, mtu anaweza hata kuanguka na kupoteza fahamu. Zikipungua, mwili unaitambua figo kuwa si yake na kuanza kuila. Walimpunguzia kipimo mpaka pale walipothubutu, na mtetemeko uliobaki wakamwambia auzoee.

Baada ya hapo Ciakuthii alikuja kumwona, nami nilikuwepo. Muthamia alitoa vikombe vya harusi yake, vile vyenye maua mekundu na visahani, maana marehemu mkewe hakuwahi kumruhusu mgeni anywe chai kwenye kikombe cha bati. Akamimina, akamnyoshea dadake. Kikombe kikagongana na kisahani kri-kri-kri njia nzima kutoka kwake mpaka kwa dadake, na nusu ya chai ikabaki mezani.

"Nisamehe," akasema.

"Muru wa maitu," Ciakuthii akamwita, yaani mwana wa mama yangu, ndivyo dada anavyomwita kaka kwetu akiwa na mapenzi au akiwa na hasira. "Usiniombe msamaha. Hiyo ni figo yangu inapiga hodi. Mwambie karibu!"

Tulicheka mpaka machozi. Akaongeza, sasa bila kucheka sana, "Ukitetemeka najua dawa iko kazini na kitu changu kiko salama. Wewe tetemeka tu." Muthamia naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye chai iliyomwagika.

Watu wengine hawakuambiwa hayo, na walioambiwa walipenda yao. Mtu anayetetemeka mikono huku kwetu ana majina yake tayari. Asubuhi walisema ameamka na pombe. Jioni wakasema amezidisha muguka, yale majani ambayo vijana hutafuna mpaka taya zinachoka. Tena dawa zilikuwa zimeupunguzia mwili wake kinga, kwa hiyo alikatazwa chakula cha mikutano, akaambiwa avae barakoa na asishikane mikono ovyo. Hebu fikiria basi. Mtu anafika matangani mdomo umefunikwa, mkono hatoi, na sahani ya githeri anairudisha. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwambia mbele ya watu kwamba unamshuku sumu. Nani angekaa amweleze mama aliyefiwa habari za kinga ya mwili? Wakaacha kumwita.

Kisha akaanguka. Ilikuwa siku ya soko. Alikuwa na kikohozi, akaingia duka la dawa akauziwa vidonge vya kifua bila kuulizwa anameza nini kingine, na vidonge hivyo vikafanya ile dawa ya figo ijae mwilini kupita kiasi. Akiwa nyuma ya kaunta, paja la mbuzi mkononi, akakakamaa, akaanguka chini, povu likamtoka. Soko zima lilisimama kutazama na hakuna aliyemgusa, kwa kuwa wako watu wetu wanaoamini hadi leo kwamba kifafa humrukia anayemshika mgonjwa. Kasim peke yake ndiye aliyevuka barabara mbio, akamlaza ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa.

"Nyama yake mmekula miaka yote," akawaambia waliosimama, "leo mnaogopa jasho lake? Hamna haya!"

Hospitalini walimrekebishia dawa na hakuanguka tena. Haikusaidia kitu. Nani atanunua nyama kwa mtu aliyetokwa na povu juu yake? Na kisu nacho kilikuwa kimeanza kukikosa kiungo. Mara mbili tatu kilikata kidole badala ya nyama. Mwishowe buchari akamwachia Kasim. Kasim, ambaye ana moyo ambao sisi wengi hatuna, aliweka kiti mlangoni akamwambia, "Mzee wa kisu, hapa ni pako, uje ukae." Alikaa siku chache. Kumtazama mtu mwingine akiupiga mfupa kwa shoka kulimuumiza kuliko ugonjwa, akaacha kwenda.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema mpweke ni yule anayeishi porini. Si kweli. Mpweke ni yule anayesikia sherehe. Jumamosi za mahari nyimbo za akina mama zilivuka bonde zikaja mpaka kwake, na baada ya nyimbo zikaja sauti za shoka kwenye mifupa, na baada ya shoka kelele za wazee wakigombania bega. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba akinoa kisu. Alikinoa kila Jumamosi, kisu kisichokata kitu, mpaka bapa lake likaanza kupungua upana. Nilimsikia nikiwa upande wangu wa ua.

Siku moja niliingia kupitia pale mbuzi walipotoboa, nikamwambia apumzike, kisu kitakwisha.

"Mama Mukiri," akaniambia, "mtu akifa analiliwa. Mimi nimepotea na hakuna hata aliyetangaza."

Nikampa maziwa niliyokuja nayo, naye akayapokea kwa mikono yote miwili ili yasimwagike, na bado yakamwagika.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, Ciakuthii alimpigia simu. Binti yake Ruguru alikuwa amepata mchumba, Mutwiri, mwalimu kutoka Nkubu, na watu wa Meru wangekuja Siakago kumaliza maneno ya mahari. Muthamia alikuja mwenyewe mpaka kwenye ua kunieleza, barakoa ikining'inia kwenye sikio, uso umefunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aiache buchari.

"Amesema mbuzi nitakata mimi," akasema. "Nikamwuliza, na mikono hii? Akasema nikate nayo hivyo hivyo, watangoja. Mimi ndiye mjomba wa Ruguru, amesema, na hakuna kisu kingine kitakachoingia kwenye boma lake."

Nilimpongeza. Yeye akaitazama mikono yake iliyokuwa ikitikisa majani ya kayaba, akasema, "Watangoja, ndiyo. Wazee wa Meru wamesafiri kutoka kwao, wamekaa juani, wanangoja mtu anayetetemeka atafute kiungo. Unajua watasema nini juu ya nyumba ya dadangu?"

Nilijua. Wangesema wamepewa mlevi awakatie nyama, na jambo la namna hiyo humfuata bibi harusi mpaka kwa mama mkwe. Nikamwambia Mungu atajalia. Ndilo jambo tunalosema tukiishiwa.

Yaliyofuata alinieleza baadaye, akiwa kitandani. Wakati fulani nyuma alikuwa amesahau dawa zake mjini, akazikosa jioni ile na kesho yake kutwa, na akaona mkono umepoa. Hakulisema kwa mtu. Alilificha moyoni kama watu wanavyoficha mbegu. Dadake alipomwita akate, akaitoa mbegu ile. Kila jioni Ciakuthii alimpigia simu, kama alivyofanya tangu watoke Nairobi, akamwuliza, "Umemeza?" Yeye akajibu, "Nimemeza." Na vidonge akavitia kwenye mkebe wa majani ya chai, asubuhi na jioni, mpaka siku ya mahari ikakaribia.

Mimi nilichoona ni mtu anayefufuka. Alinyoa ndevu mwenyewe bila kujikata. Alifunga vifungo vya shati. Nilipoenda kumwona alinimiminia chai kwenye kile kikombe cha maua, akaninyoshea, na kisahani hakikutoa sauti. Nami, nisiyejua chochote cha dawa, nikainua mikono nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akatabasamu. Viatu vyake alikuwa amevilegeza kamba, hilo nililiona, nikadhani ni joto.

Siku yenyewe Kasim alitupeleka Siakago na pikapu yake, mimi na wanawake wengine wa kusaidia kupika, na Muthamia mbele na kisu chake kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kasim hakuwa na kazi huko. Alisema anataka tu kuona kisu kikirudi kwa mwenyewe.

Watu wa Meru walikuwa wengi na wamevaa vizuri. Maneno yalizungumzwa, yakakubaliwa, mbuzi akachinjwa na kuchomwa, kisha wazee wa pande zote wakazunguka meza ndefu chini ya turubai. Muthamia akaondoa koti. Alikunja mikono ya shati. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi, na ninakiri nilisimama kabisa.

Alianza na bega. Dole gumba likapita juu ya nyama, likasimama, kisu kikaingia, na bega likaachia. Hakuna aliyesikia mfupa. Akashuka mbavu moja moja. Akatenga shingo, akakitoa kidari kizima bila kukichana, na kila alichokitoa alikiweka mahali pake kwenye majani ya migomba, cha huyu huku na cha yule kule, bila kumwuliza mtu. Makelele ya turubai yalikwisha. Mzee mmoja wa upande wa Mutwiri, aliyekuwa amekuja na uso wa kutafuta makosa, akawageukia wenyeji na kuuliza, "Huyu mtu mlikuwa mmemficha wapi?"

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Hakucheka, hata hakuinua kichwa. Shingo tu ndiyo iliyonyooka. Kasim kule kwenye pikapu alikuwa anajipangusa macho na kusingizia vumbi.

Mwishoni zikabaki figo. Katika nyumba yao figo za mbuzi wa mahari ni za wasichana wa boma, hugawiwa kwa kicheko. Muthamia akaziweka zote mbili kwenye sahani ya bati, akaweka na uma juu yake, akavuka uwanja mwenyewe mpaka pale Ciakuthii alipoketi na akina mama. "Hizi ni zako," akasema, na kumnyoshea.

Watu waliokuwa wakijua habari yao waliangua kicheko. "Amemrudishia na riba!" mmoja akapiga kelele. Vigelegele vikapanda.

Ciakuthii hakucheka. Alikuwa anaitazama sahani. Ilikuwa sahani ya bati yenye uma wa chuma juu yake, mkononi mwa kakake, na haikuwa inalia. Uma ulikuwa umelala kimya. Akautazama mkono, macho yakapanda nao mpaka usoni. Akaipokea sahani, akaiweka chini bila kuigusa, akasimama na kumshika kakake kiwiko. Alimleta mpaka nyuma ya jiko, pale nilipokuwa nimerudi kuosha sufuria, wala hakujali kama nipo.

"Nyosha mikono," akamwambia.

Akainyosha. Ilikuwa imetulia kama mikono ya mtu yeyote.

"Tangu lini?"

"Nimepunguza kidogo tu, Ciakuthii."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu uliponiita nikate."

Ciakuthii aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimepinduliwa pale. Mkono wake ulienda ubavuni, mahali penye kovu, ukakaa hapo. "Kila jioni nimekuuliza," akasema. "Kila jioni. Unaniambia umemeza."

"Ningekuaibisha mbele ya watu wa Meru."

"Mimi nilikuita ukate ukitetemeka! Nilitaka wamwone ndugu yangu hivyo alivyo. Wakungoje. Kama ni nyama ya vipande vipande, wale vipande vipande. Aibu ningeimeza, muru wa maitu. Figo sina nyingine ya kukupa."

Muthamia alianza kulia, na mtu wa umri wake akilia hajui aweke mikono wapi. "Nilitaka siku moja tu," akasema. "Siku moja ya kuwa mtu."

Ciakuthii aliinama akatazama viatu vya kakake vilivyolegezwa kamba, akabonyeza mguu juu ya soksi, na kidole chake kikaacha shimo ambalo halikujaa upesi. Akasimama.

"Kasim!" akaita. "Washa gari!"

Yeye, mama wa bibi harusi, alipita katikati ya turubai akiwa amemshika kakake mkono, huku wageni wana nyama mdomoni. Mzee mmoja wa ukoo akamwuliza kwa ukali anakwenda wapi, watu hawajaagwa, baraka hazijatolewa. Ciakuthii akasema tu, "Kuleni. Mimi napeleka mtu hospitali." Ikawa zogo. Ni Ruguru aliyelinyamazisha, akiwa na leso zake za sherehe na macho mekundu, akasema mbele ya wakwe zake wote, "Nenda, mama. Sisi tutabaki." Yule mzee aliyeuliza Muthamia alikuwa amefichwa wapi akavua kofia gari likipita, wala sidhani alijua kwa nini.

Hospitali ya Embu iliwahamishia Nairobi. Mwili ulikuwa umeshaanza kuila figo. Walimtundikia dripu za dawa kali kwa siku nyingi, na Ciakuthii akalala kwenye kiti kando yake, akiwa bado na viatu vya mahari. Haikufa yote. Daktari alisema sehemu iliyoharibika haitarudi, na iliyobaki inaweza kumfikisha mbali ikiwa hataichezea tena. Dawa ikarudishwa, tena ikaongezwa, kwa kuwa mwili sasa ulikuwa umejifunza ugomvi. Na mtetemeko ukarudi, mbaya kuliko wa kwanza.

Hakuna aliyemwita akate tena. Waliomwona Siakago walieneza habari ya mkono wake, na kwa muda watu walitaka kumjaribu, lakini mjumbe akifika na kumkuta akishindwa kumenya ndizi, aliomba maji na kwenda zake. Sasa kijiji kina kijana wa shoka. Kasim huja akipata nafasi, huleta maini yaliyokwisha kukatwa vipande vidogo, hukaa, humwigiza: "Mfupa hauvunjwi..." na Muthamia hamalizii. Kisu alikifunga na kile kitambaa cheupe akakipeleka juu ya kabati. Jumamosi nyimbo zikivuka bonde anaingia ndani na kufunga mlango.

Ciakuthii bado anapiga simu kila jioni, lakini hamwulizi tena kama amemeza. Maneno ya kakake ameyachoka, alimwambia hivyo waziwazi. Simu ikilia, Muthamia anaiweka mezani ikiwa wazi, anachukua kikombe cha maua mekundu na kisahani chake, anavishika juu ya simu. Kri-kri-kri. Kule Siakago dadake anasikiliza, hasemi kitu, labda jogoo wake wanasikika nyuma. Akitosheka anasema, "Haya. Ulale vizuri," na anakata. Nimeyashuhudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wakati mwingine hayo ndiyo maneno pekee anayoambiwa na mtu siku hiyo nzima.

Juzi mvua ilinyesha na mtandao ukapotea tangu asubuhi, bonde zima, hakuna simu iliyoingia wala kutoka. Magharibi nilimpelekea uji kupitia pale kwenye ua. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimkuta ameketi mezani, simu mbele yake ikiwa haina alama hata moja ya mtandao, na yeye amekishika kikombe juu yake, kinagongana na kisahani.

"Na leo anasikia nani?" nikamwuliza.

"Hakuna," akasema. "Lakini ni saa yake."

Na hakukiweka chini mpaka mkono ulipochoka.